Fundi mgeni aje, lakini apitie mlango wa mbele



Leo tunaongea juu ya viza. Tunajua wengine watasema, "Viza? Sisi hatuna hata barabara, ninyi mnaleta habari ya viza?" Subirini kidogo. Kila fundi mgeni anaposhuka Kalemie na kofia yake ngumu mkononi, vijana wanaulizana maneno yale yale: "Huyu anakuja kufanya nini? Ile kazi yake, sisi hatuiwezi?" Wengine wanajibu kwa hasira: "Wafukuzwe wote!" Wakubwa wanajibu kwa dharau: "Ninyi hamna uwezo, nyamazeni." Sisi tunakataa majibu yote mawili, na tunataka kueleza kwa nini.

Hatuandiki ili kushtaki kiwanda kimoja. Tunaandika juu ya sheria inayowahusu waajiri wote wa mkoa wa Tanganyika: saruji ya Kabimba, lithiamu ya Manono, bandari, reli, barabara zinazojengwa na zile zinazoahidiwa.

Tunachokiona kwa macho

Mwenzetu mmoja ana diplomi ya elektromekaniki. Alipeleka dosie kwenye kampuni moja ya mkoa wetu. Wakamuuliza eksperiensi, hana. Wakampa ujurnalie: kubeba, kufagia, kupakia. Miezi minane. Pembeni yake kulikuwa na mgeni anayeendesha mashine ya kuinua mizigo. Siku moja mgeni akaugua, shefu akamwambia mwenzetu apande. Akaendesha siku tatu, hakuangusha hata mfuko mmoja. Mgeni alipopona, mwenzetu akarudishiwa ufagio.

Wakati wanakula pamoja, yule mgeni alimwonyesha pasipoti yake. Ilikuwa na viza ya safari, si ya kazi. Kila inapokaribia kuisha, shefu wake anatafuta mtu wa kuongea naye, na bahasha inapita. Mgeni mwenyewe alikuwa na wasiwasi kila akiona mtu wa leta anaingia getini. Hana kontra inayoeleweka, na akidhulumiwa hawezi kwenda kushtaki, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye ataulizwa karatasi kwanza.

Angalieni basi nani amepata na nani amekosa. Mwenzetu amekosa kazi aliyoiweza. Mgeni amekosa usalama. Leta imekosa pesa ya kadi ya kazi. Aliyepata ni mwenye kampuni, na yule wa bahasha.

Si kila kazi tunaiweza leo, tuseme ukweli

Kabimba inaishi kwa mawe ya chokaa. Jiwe linapasuliwa, linasagwa, linaingia kwenye tanuru lenye joto la karibu digrii 1,450, linatoka klinka, halafu klinka inasagwa pamoja na jasi ndipo unapata saruji. Tanuru si jiko la makaa. Ukilizima vibaya, matofali ya ndani yanapasuka, na kiwanda kinaweza kusimama siku nyingi kwa kosa la saa moja. Kuna mkemia wa kupima mchanganyiko, fundi wa umeme mkubwa, mtu wa kuprogramu mitambo. Ni ujuzi unaopatikana kwa miaka ya kukaa karibu na mtu anayeujua.

Kwa hiyo, kama mtambo mpya unafungwa na hakuna Mkongomani anayeujua, mgeni aje. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali letu ni hilo la pili. Mwenyeji amepona? Mgeni amekaa miaka mitano, ameondoka, na amekuja mgeni mwingine kukamata nafasi ile ile, huku kijana wa hapa bado anashika ufagio. Hapo hakuna aliyepona.

Na jambo hili si la jana. Reli kutoka Kabalo ilifika kwetu mwaka 1915, mji ukiitwa Albertville. Mashefu walitoka Ubelgiji, mabega yalitoka kwetu. Zaidi ya miaka 100 imepita. Bendera imebadilika, jina la mji limebadilika, lakini ukiingia kwenye maeneo mengi ya kazi bado utakuta usukani uko kwa mwingine na mzigo uko kwetu.

Sheria ipo, tuisome

Wengi wanadhani Congo haina sheria ya jambo hili. Inayo, tena ya siku nyingi.

Tangu tarehe 6 Juni 1974 kuna ordonansi namba 74-098, ambayo kazi yake ni kulinda wafanyakazi wa nchi dhidi ya ushindani wa wageni. Tangu tarehe 12 Septemba 1983 kuna ordonansi-sheria namba 83-033 juu ya kuingia na kukaa kwa wageni, na leo DGM ndiyo inayosimamia. Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 nayo inajua wageni: kuna Komisheni ya taifa ya ajira ya wageni, na kuna kadi ya kazi ambayo mwajiri lazima aiombe kabla mgeni hajaanza. Kadi ile ndiyo inayofungua viza ya makazi ya kazi. Viza ya safari ni ya kusafiri. Haimpi mtu ruhusa ya kukamata zamu kiwandani.

Code hiyo hiyo, kifungu cha 8, inamwambia kila mwajiri, wa leta au wa binafsi, kwamba ana wajibu wa kufundisha na kuendeleza wafanyakazi wake, na anaweza kutumia INPP kwa kazi hiyo. INPP si zawadi. Waajiri wanaichangia kutokana na mishahara wanayolipa. Ni haki kuuliza kijana wa Kabimba amefaidika nini na mchango huo.

Halafu kuna sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya kazi ndogo ambazo kampuni kubwa zinawapa kampuni nyingine. Sheria hii inasema kazi hizo ni za kampuni za Wakongomani. Kama ujuzi haupatikani hapa, unaweza kumchukua mgeni, lakini uthibitishe mbele ya mamlaka kwamba ulikosa, na kazi isizidi miezi 6. Ikizidi, mgeni aunde kampuni kwa sheria ya Congo.

Someni tena hiyo sentensi ya miezi 6, tutairudia. Wabunge wetu waliwahi kuandika jambo la akili: kwanza thibitisha kwamba umekosa mtu hapa, halafu mlete mgeni kwa muda unaojulikana. Kama hilo linawezekana kwa kampuni, kwa nini lisiwezekane kwa mtu mmoja mmoja?

Milango ipo. Tatizo ni wanaokaa mlangoni. Tukumbuke Kivu Kusini, Desemba 2024: mamlaka za mkoa zilikamata raia 17 wa China kwa kesi ya uchimbaji wa dhahabu bila ruhusa. Baada ya siku chache wakaachiwa na kurudi kwao, na gavana Jean-Jacques Purusi mwenyewe akalalamika hadharani. Kama gavana anabaki kushangaa, jurnalie wa Kabimba atamlilia nani?

Majirani wanafanyaje

Hatuhitaji kwenda mbali. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, kuna sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni. Vibali vimegawanywa kwa madaraja: mwekezaji ana chake, taaluma fulani kama uganga na ualimu wa sayansi na hesabu zina chake, taaluma nyingine zina chake, watu wa dini na misaada wana chao, wakimbizi wana chao. Kibali kinatolewa kwa miezi 24, halafu kinaombwa upya. Na mwajiri lazima apeleke mpango wa kurithisha: Mtanzania gani atajifunza kazi ya mgeni, na ataichukua kwa njia gani.

Kenya nayo, mwajiri anayeomba kibali cha daraja D kwa ajili ya mgeni anaulizwa: Mkenya anayejifunza chini yake ni nani?

Hata Marekani, wanaojiita wakubwa wa dunia, hawana mlango mmoja. Viza ya H-1B ya wataalamu ina kikomo cha 65,000 kwa mwaka, pamoja na 20,000 kwa waliomaliza shahada za juu kwenye vyuo vya huko huko. Anayehamishwa ndani ya kampuni yake kutoka nchi nyingine anapita kwa L-1. Mwenye kipaji cha pekee anapita kwa O-1. Wakanada na Wamexico wana njia yao ya TN. Na Septemba 2025 Rais Trump aliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje. Sisi hatusifu hilo, ni ukuta wa pesa tu. Lakini mtu asituambie kwamba kuuliza habari ya viza za wageni ni ushamba wa Kabimba. Kila nchi inauliza.

Sisi tunapendekeza milango mitatu

Mlango wa kwanza ni wa fundi wa muda mfupi. Mtambo umeharibika, mwenye kuujua yuko ng'ambo. Apewe ruhusa ya haraka, ya kazi moja iliyoandikwa, isiyozidi miezi 6 kama ile ya sheria ya 2017. Leo dosie inaweza kuzunguka hadi Kinshasa mpaka mwajiri anachoka na kuchagua njia ya bahasha. Kama leta inataka watu wapite mlango wa mbele, isiufunge kwa kufuli tano. Ruhusa hii itolewe na kufuatiliwa karibu, Kalemie, na inspekta wa kazi apewe nakala yake.

Mlango wa pili ni wa mtaalamu wa muda mrefu. Huyu apate kadi ya kazi na viza ya makazi ya kazi kama sheria inavyosema, lakini kwenye dosie yake kuwe na jina la Mkongomani anayejifunza kwake. Jina la mtu, si maneno "tutafundisha wenyeji". Siku ya kuomba kadi upya, inspekta amwite huyo Mkongomani na kumuuliza: umefika wapi? Unaweza kukamata zamu peke yako? Kama mwajiri hana la kuonyesha, kadi isitoke.

Mlango wa tatu ni wa jirani. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Jumuiya ina Itifaki ya Soko la Pamoja tangu 2010, na ndani yake kuna kusafiri kwa wafanyakazi. Kabla sisi hatujaingia, nchi kadhaa za Jumuiya zilikuwa zimesaini mikataba ya kutambuliana kwa taaluma: wahasibu na wasanifu majengo mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012. Tunataka Congo iingie kwenye mikataba hiyo, na kwanza ya wahandisi. Tanzania na Kenya zina viwanda vya saruji. Mhandisi wa Tanga au wa Mombasa akija Kabimba, atamfundisha kijana wetu kwa Kiswahili, bila mkalimani, bila kuonyeshana kwa vidole. Na mlango huu unafunguka pande zote mbili: injenyeri aliyesoma Lubumbashi au Kalemie naye atambulike Dar es Salaam na Nairobi, asiende kule kuuza nguo wakati ana diplomi.

Na kwa kazi ambazo vijana wetu wanaziweza leo, kama kuendesha, kuchomelea, kupakia, kulinda, kutunza stoo na kupika, hakuna haja ya mlango wo wote. Kazi hizo zina watu hapa.

Tunajua mtatuuliza

"Mtafukuza wawekezaji." Hapana. Mwekezaji aliyeweka mamilioni ya dola anaogopa zaidi kutojua. Leo fundi wake yuko, kesho amekamatwa kwa karatasi mbovu na kazi imesimama. Sheria inayoeleweka na ruhusa inayotoka kwa wakati ni nafuu kuliko bahasha isiyo na mwisho. Na fundi wa kutoka Kabimba hahitaji tiketi ya ndege, nyumba ya wageni wala viza.

"Mnachochea chuki." Hapo tusimame kidogo, kwa sababu ni jambo zito. Kijana ye yote atakayemtupia mgeni jiwe, atakayemnyang'anya simu, atakayemwita majina ya kumdharau kwa sababu ya sura au nchi yake, huyo si mwenzetu. Mgeni aliyeletwa na shefu wake kwa viza mbovu ni mfanyakazi kama sisi, mara nyingi na mshahara wa kunyimwa-nyimwa. Tunaemdai ni mwajiri na ni leta. Tena tukumbuke kaka na dada zetu walioko Kigoma, Nairobi, Lusaka, Afrika Kusini. Kama unavyotaka watendewe kule, ndivyo umtendee wa hapa.

"Vijana wenyewe hawana ujuzi." Sawa, wengine hatuna. Lakini ujuzi wa tanuru hausomwi kwenye ubao peke yake. Wazee wetu waliofanya kazi kwenye kiwanda cha nguo cha Filtisaf, pale Kalemie, walikuwa wanakarabati mashine zilizotoka Ulaya. Hawakuzaliwa wanajua. Walisimama karibu na mtu anayejua mpaka nao wakajua. Kiwanda kilipofungwa, wengi wao walizeeka na ujuzi wao bila mtu wa kumrithisha. Tusikubali kizazi cha pili kipotee hivyo.

Na sisi tufanye yetu

Kudai tu hakutoshi. Kila mwenye diplomi ajiandikishe ONEM, ili siku mwajiri akisema "tulitafuta Mkongomani, tukamkosa", kuwe na orodha ya kumwonyesha. Dosie iwe tayari: diplomi, barua, namba ya simu inayopatikana. Aliye kazini sasa, hata kama ni jurnalie, aandike kwenye daftari kila mashine anayoigusa na tarehe. Yule mwenzetu wa siku tatu hana karatasi hata moja ya kuthibitisha kwamba aliendesha. Tusirudie kosa hilo.

Na tusigeuke kuwa polisi. Kazi ya kukagua pasipoti si yetu. Tukitaka kuuliza, tunauliza idadi: wageni wangapi, kwa kazi gani, kwa muda gani, na Mkongomani gani anajifunza kwa kila mmoja. Majina yao na nyumba wanazolala hayatuhusu.

Tunadai

1. Kwa inspeksio ya kazi ya Tanganyika: kila miezi 6 itangaze hadharani idadi ya kadi za kazi za wageni kwa kila kampuni ya mkoa, aina ya kazi, na idadi ya Wakongomani wanaofundishwa. Iende Kabimba yenyewe, isisubiri ripoti ziletwe ofisini mjini.

2. Kwa DGM: viza ya safari isitumike tena kama viza ya kazi. Anayekutwa kazini bila karatasi ya kazi, wa kwanza kuulizwa awe mwajiri aliyemleta.

3. Kwa Waziri wa Kazi: kadi ya kazi isiombwe wala kufanywa upya bila jina la Mkongomani anayejifunza, na ruhusa ya fundi wa muda mfupi isogezwe mikoani.

4. Kwa INPP na Chuo Kikuu cha Kalemie: kaeni meza moja na waajiri wa Kabimba na Manono, mtuambie ni ujuzi gani unakosekana, halafu fungueni mafunzo ya hizo kazi, na staji za kweli ndani ya kiwanda.

5. Kwa serikali ya taifa: ingieni kwenye mikataba ya Afrika Mashariki ya kutambuliana kwa taaluma.

6. Kwa madepite wetu wa mkoa na wa taifa: ulizeni maswali haya kwenye vikao. Mnakuja Kabimba wakati wa kura, mnajua njia.

Barua yenye madai haya tutaipeleka kwa mikono yetu, mchana, na tutaomba muhuri wa kupokelewa. Tukikosa jibu, tutarudi tena mbele ya ofisi, kwa amani, na mabango yetu, bila jiwe hata moja. Vijana wa Kabimba, mtakaoweza kupanda mashua au pikipiki mpaka mjini, njooni na diplomi zenu mkononi. Tutazishika juu zionekane.

Kuna methali nyingine tuliyofundishwa na bibi zetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa Kabimba amekuja na jembe lake tayari, na tunamkaribisha. Tunachoomba ni kwamba asiondoke kabla hajatufundisha namna ya kulishika.